Kobe Aliyetoka kwenye Skana na Ndui

Aliyeniambia "we paka rangi tu, kompyuta itamalizia" simwombei mabaya, ila ajue miezi yangu miwili iliishia kwenye ushauri wake.

Kitabu chenyewe ni cha watoto, kurasa 32, habari za kobe mzururaji. Anga na nyasi nilizitaka za rangi za maji, maana zikikutana na karatasi iliyolowa hujiendea zenyewe mpaka mpakaji anashangaa. Kobe ningemmalizia kwenye kompyuta, ambako ukikosea hupotezi karatasi. Nilitumia karatasi nzito, ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Michoro ya penseli sina haja ya kuieleza.

Balaa lilianza pale nilipotaka kuiingiza kazi kompyutani. Kwanza niliipiga picha kwa simu dirishani, nikajiona mjanja. Kona moja ilitoka nyeupe, nyingine kijivu, na katikati ya anga kimetanda kivuli cha kichwa changu. Nikahamia kwenye skana, na hapo ndipo kobe alipopata ndui. Karatasi ya rangi za maji ina vipele vyake, na taa ya skana huimulika kutoka upande mmoja, hivyo kila kipele kikatupa kijivuli. Uso wa kobe ukawa kama umerushiwa mchanga! Nikatumia programu kuulainisha: vipele vikaondoka, na alama za brashi zikaondoka navyo. Nikaanza kufuta kipele kimoja kimoja kwa kalamu ya kompyuta kibao. Usiku mzima nikamaliza mguu mmoja. Kobe ana minne.

Siku ya tatu, kwa hasira, niliilaza karatasi kichwa chini bila kujua. Picha ilipotokea nikaona vijivuli vimehamia upande wa pili. Nilinyamaza kidogo. Kisha nikaigeuza picha hiyo nyuzi 180, nikailaza juu ya ile ya kwanza, nikaipunguza uzito wa rangi hadi 50% ili ya chini ionekane. Kivuli cha huku kikakutana na mwanga wa kule, vikamezana. Ndui ikapona mbele ya macho yangu, na punje za rangi ya buluu zikabaki palepale nilipoziacha. Nilipiga ukelele nikaamsha nyumba nzima.

Picha zote mbili za skana ziwe za nukta 600 kwa inchi. Weka misalaba midogo ya penseli nje ya mchoro, la sivyo utahangaika kuzilinganisha. Na karatasi iwe imenyooka, kwani iliyojikunja hutoka na ukungu pale isipogusa kioo. Yangu huilowesha kidogo kwa nyuma, kisha inalala chini ya vitabu vizito.

Baada ya ushindi huo nikalewa sifa. Nikapaka gamba moja zuri, nikalinakili kurasa zote. Mpwa wangu wa miaka sita alifunua kurasa nne tu. "Mjomba, huyu kobe amebandikwa." Halafu akahesabu vigae vya mgongoni: 12. Nikaenda kutazama picha za kobe halisi, nikakuta vile vikubwa, ukiacha vidogo vya ukingoni, ni 13. Nikarudi kwenye brashi, nikapaka magamba manane tofauti. Kivuli cha chini ya tumbo nacho nilikipaka kwa mkono nikakiskani, kwa sababu kile cha programu ni kisafi mno, kinamfanya kobe aelee.

Kuhusu rangi za uchapaji nilionywa, nikapuuza. Bwawa langu la zumaridi lililong'aa kwenye skrini lilitoka kwenye chapa ya majaribio kama maji ya kufulia. Skrini huchanganya mwanga. Mashine huchanganya wino wa rangi nne, na zipo rangi ambazo haiwezi kuzifikia. Muulize mchapaji mipangilio yake ya rangi kabla hujaanza, si baada ya kumaliza kama mimi.

Milimita 3 za ziada za kukatwa pembeni niliziweka kama nilivyoagizwa. Nilichosahau ni kumsogeza kobe mbali na kisu, kwa hiyo kwenye ukurasa wa 17 hana mkia. Mpwa wangu anasema ameuficha.