GPA 2.64, LSAT 168: nilivyoingia shule ya sheria Marekani

Transkripti yangu ya chuo ilisema 2.90. Haikuwa GPA (wastani wa alama za chuo) ya kujivunia, lakini nilishaizoea na kujipangia mipango yangu juu yake. Siku ilipotoka ripoti ya LSAC, taasisi inayoshughulikia maombi ya shule za sheria, nilikuwa nimekaa kwenye gari, nje ya nyumba ya kutunzia wazee ninakofanya kazi hapa Columbus, Ohio, dakika kumi kabla ya shifti ya saa tano usiku. Nikafungua simu. 2.64.

Nilidhani wamekosea, kumbe hesabu ni yao na iko sawa. LSAC ndiyo inayokusanya transkripti za kila chuo ulichopitia kabla ya digrii ya kwanza, inazipiga hesabu upya kwa kipimo kimoja, kisha inazituma kwa shule za sheria unazoomba. Miaka yangu miwili ya mwanzo nilifeli kozi 4, jumla uniti 12. Nilizirudia zote nikafaulu, na chuo kikaziondoa zile F kwenye wastani. LSAC haiondoi kitu. F inabaki, alama ya kurudia inawekwa pembeni yake, na zote mbili zinahesabiwa. Tena kozi unazosoma baada ya digrii ya kwanza haziingii kabisa kwenye hesabu hiyo, kwa hiyo hata ningerudi darasani nikavuna A kumi, 2.64 ingebaki 2.64. (Waliosoma digrii nyumbani, Tanzania au Kenya, wao hawapewi GPA ya namba. Transkripti zao zinatathminiwa na kupewa daraja kwa maneno tu. Wengi hawalijui hili na wanahangaika kubadilisha alama zao wenyewe.)

Kwa nini nilifeli? Baba alipata kiharusi Tanga nikiwa mwaka wa kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa Marekani, basi pesa ya dawa na ya mtu wa kumnyanyua kitandani ilitoka kwangu. Nilifanya kazi usiku kama msaidizi wa wauguzi, natoka saa moja asubuhi, kipindi saa mbili. Nilikuwa nasinzia huku kalamu iko mkononi. Kwa vyuo vya nyumbani ningekuwa nimeshadisko, yaani nimeshaondolewa chuoni.

Nilipomaliza digrii nilimwendea mshauri mmoja wa masomo kumuuliza kuhusu sheria. Alizitazama zile alama kwa muda mfupi sana, akaniambia nitafute njia nyingine. Nilimwamini mwaka mzima. Mwaka huo unaniuma mpaka leo, maana ushauri ule ulitolewa na mtu ambaye hakuniuliza hata swali moja, na najua vijana wetu wengi wameambiwa hivyo hivyo wakainamisha kichwa na kuondoka.

Kilichonirudisha ni jedwali moja. Kila shule ya sheria iliyoidhinishwa na chama cha mawakili cha Marekani, ABA, inalazimika kila mwaka kuchapisha ripoti inayoitwa 509. Humo kuna GPA na LSAT (mtihani wa kuingilia shule ya sheria) za wanafunzi walioingia, kwa ngazi tatu: robo ya chini, katikati na robo ya juu. Nilikaa na zile ripoti usiku mzima wazee wakiwa wamelala. Fikiria wanafunzi 101 wamepangwa mstari mmoja kuanzia mwenye alama ndogo. Yule wa 51 ndiye alama ya katikati, na hiyo ndiyo shule inayoilinda kwa sababu inahesabiwa kwenye orodha za ubora. Sasa, ukishakuwa chini ya yule wa 51, umbali wako hauhesabiki: mwenye 2.64 na mwenye 3.5 wanaishusha GPA ya katikati sawasawa. Lakini ukiwa juu ya katikati kwenye LSAT, unaisaidia shule. Kwa hiyo mtu mwenye alama mbovu na mtihani mzuri ana kitu cha kuipa shule. Bado wapo wanaosoma faili zima na kukuona hufai, ni haki yao. Ila mlango upo.

LSAT inaanzia 120 na kuishia 180, na mwaka 2024 wastani wa waliofanya ulikuwa unazunguka 150 na kitu. Mtihani wangu wa kwanza wa majaribio nilipata 151. Nilijiwekea Januari hadi Juni 2024, masaa mawili kila siku kabla ya shifti, kwa mitihani ya zamani iliyomo kwenye LawHub, tovuti ya LSAC. Ada nilisamehewa na LSAC baada ya kuthibitisha kipato changu. Omba msamaha huo kabla hujalipa chochote, maana usajili pekee unazidi dola 200.

Nikapanda mpaka 161, nikakwama miezi. Nilikuwa nafanya majaribio mengi, nasahihisha haraka, naendelea. Kosa lilikuwa hapo. Nikanunua daftari la mistari, kila swali nililokosa likapewa ukurasa: kwa nini jibu baya lilinivutia, na kwa nini jibu zuri nililipita. Na nikaanza kuzigeuza hoja kuwa Kiswahili. Mtihani unapokuja na aya nzito ya mwanasayansi na takwimu, mimi najiambia: *Mvua ikinyesha daladala hujaa. Leo daladala zimejaa. Kwa hiyo mvua imenyesha.* Papo hapo unaona tundu: daladala hujaa hata siku ya gulio. Kiingereza cha aya zile kilikuwa kinanifanya niheshimu hoja ambazo kibarazani kwetu Tanga mzee yeyote angezipangua kabla kahawa haijapoa. Baada ya wiki sita za daftari lile nikaanza kuona 167, 169.

Juni nilifanya mtihani halisi nikapata 163. Huo ndio ulikuwa wa mwisho kuwa na ile sehemu ya mafumbo ya kupanga watu na viti. Kuanzia Agosti 2024 waliiondoa, zikabaki sehemu mbili za hoja, moja ya ufahamu, na moja ya majaribio isiyohesabiwa, kila moja dakika 35. Kwangu ilikuwa neema, maana mafumbo ndiyo yaliyokuwa yakinila muda. Nikarudia Oktoba: 168. Shule zinaona mitihani yako yote, lakini kwenye takwimu zake zinaripoti ile ya juu kabisa, kwa hiyo kurudia mara moja ukiwa umejiandaa hakukudhuru.

Nilimpigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Baridi imeanza?"

Nikamwambia kuhusu 168. Akanyamaza kidogo. "Lakini wewe si ulishamaliza chuo?" Nikamweleza kwamba huku sheria husomwa miaka 3 baada ya digrii ya kwanza, si kama kwetu mtu anatoka kidato cha sita anaingia moja kwa moja.

"Na zile alama za wakati wa maradhi ya baba yako, watakuuliza?"

"Wataniuliza, mama."

"Waambie ukweli. Ila usiwaeleze mpaka wakachoka."

Hiyo ndiyo kanuni niliyoandikia barua ya nyongeza, ile inayoeleza alama. Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa mbili, baba, mimi, usingizi, machozi. Ya mwisho ilikuwa mistari kumi na moja: baba aliugua mwezi fulani, nilifanya kazi saa 40 kwa wiki za usiku, nilifeli kozi hizi 4, sikwenda kuomba msaada chuoni na ningepaswa kwenda, nilipunguza saa za kazi muhula wa tano, na GPA ya mihula minne ya mwisho ilikuwa 3.5. Basi. Insha binafsi haikugusa alama kabisa. Hapo niliandika juu ya bibi mmoja wa pale kazini aliyesainishwa karatasi ambazo hakuzielewa, na jinsi nilivyokaa naye tukazisoma mstari kwa mstari. Barua za mapendekezo zilikuwa mbili: profesa wa mwaka wa mwisho, ambaye aliniona nikiwa macho, na muuguzi mkuu wa shifti yangu.

Nilituma maombi shule 11 katikati ya Novemba. Shule nyingi huanza kupokea Septemba na kujaza viti taratibu kadiri faili zinavyosomwa, kwa hiyo mwenye GPA kama yangu asisubiri Februari. Waombaji waliongezeka sana msimu ule, na nililiona: 5 zilinikataa, 3 zikaniweka kwenye orodha ya kusubiri, 3 zikanikubali. Simu ya kwanza iliniita nikiwa namvalisha mzee mmoja soksi. Sikupokea, namaliza kwanza mguu wa pili. Nilipoisikiliza sauti iliyoachwa, nikarudi chumbani kumwambia yeye kabla ya mtu mwingine. Akanishika mkono hakuuachia.

Shule mbili zilinipa ufadhili. Moja robo tatu ya ada, nyingine nusu. Karibu nisaini ile kubwa. Rudi kwenye ripoti ya 509, iko sehemu inayoonyesha ufadhili wenye masharti: wangapi walipewa na wangapi walinyang'anywa. Ule wa robo tatu ulitaka nibaki juu ya wastani fulani, na darasa lenyewe linasahihishwa kwa mgawanyo, lazima wengine wawe chini hata kama wote wamejitahidi. Nilishawahi kuwa chini. Niliwaandikia wale wa nusu, nikawaambia kwa heshima kwamba nina ofa nyingine kubwa lakini ningependa kuja kwao. Baada ya siku nane wakaongeza dola 6,000 kwa mwaka, bila masharti ya alama, mradi tu nisishuke hadi kiwango cha kuondolewa shuleni.

Nililipa amana ya kiti mwezi Aprili 2025 na masomo yakaanza Agosti. Shifti za usiku nimeziacha, isipokuwa Jumamosi moja kwa mwezi. Daftari nimempa binti mmoja wa Mombasa anayeanza kujiandaa, mwenye 2.7. Kurasa za mwanzo kayabandua makosa yangu, ameanza kuandika ya kwake.