Kijana wa kasia

Ndo nimerudi kutoka uwanja wa Kaitaba hapa Bukoba muda huu jamani, sina hata nguvu ya kula.

Uwanja tuliozoea kuangalia mpira, leo majeneza yamepangwa mstari hapo katikati. Watu 19. Ndege ya jana asubuhi, Novemba 6, 2022, iliyotoka Dar kuja huku, mvua ile, ikaingia Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba.

Sasa huyu kijana Majaliwa Jackson, mvuvi wa dagaa tu. Anasimulia walikuwa kwenye shughuli zao wakaiona ndege inashuka majini, wakapiga makasia mpaka pale, na yeye kasia hilohilo akalitumia kuvunja mlango watu wa nyuma wakaanza kutoka. Watu 24 wako hai leo.

Ila kinachonitesa ni hiki. Anasema akazama mpaka mbele kwa marubani, rubani akamwonyesha kwa mkono mlango wa dharura, wakafunga kamba wavute, kamba ikakatika ikampiga usoni akazimia, kuja kushtuka yuko hospitali. Na marubani wote wawili hawakutoka.

Nawaza ule mkono pale dirishani. Mtu yuko ndani ya maji anakuona, na wewe una kasia na kamba basi!!

Waziri Mkuu kasema Rais ameagiza achukuliwe jeshi la zimamoto na uokoaji. Nimepiga makofi huku nalia.

Majaliwa mdogo wangu, asante sana.

Mliokuwa ufukweni jana mko salama? Mliona nini, andikeni hapa chini.