Kutafuta mahali pa kupigia picha za pwani: mwezi kwanza, ramani baadaye

Mara ya kwanza nilipokwenda Jambiani, Unguja, kupiga picha za mandhari, nilikuwa nimeichungua ramani ya setilaiti kwa juma zima. Nilichagua sehemu yenye mchanga mweupe uliokatwakatwa na vidimbwi, nikapanga kufika saa kumi alasiri, jua likiwa limeanza kulegea. Vidimbwi sikuvikuta. Bahari ilikuwa imefika kwenye mashina ya minazi, na mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza nyavu zake alicheka aliponiona nikiizungushazungusha simu. "Mwanangu, leo mwezi kumi na tano," akaniambia. "Hili bamvua. Ungekuja saa nne asubuhi."

Tangu siku hiyo, kabla ya kufungua ramani yoyote, huitazama kwanza kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani kwetu. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita siku nyingine, huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, jua na mwezi vinapovuta bahari kwa pamoja, na huku kwetu tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufikia takriban mita 4. Jambo ambalo wasafiri wengi hawalijui ni kwamba siku hizo maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kwa hiyo pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Jambiani hadi Paje na Bwejuu, hukauka mbali kabisa wakati jua limeshapanda, wala hutayapata maji ya bamvua yametoka huku jua likichomoza.

Nililalamikia jambo hilo kwa muda mrefu, kwa kuwa mwanga wa saa nne ni mkali na kila mwongozo wa picha huukataza. Siku hizi nautafuta. Maji ya kifundo cha mguu yanayobaki juu ya mchanga mweupe hupata rangi ya kijani mpauko ambayo asubuhi mapema haipo, na ndiyo saa ambayo kinamama wa mwani wako kazini. Hapo salamu hutangulia kamera. Bibi mmoja, baada ya kuitikia shikamoo yangu, aliniruhusu kulipiga picha shamba lake lakini si uso wake. Nikachutama karibu na kamba, nikapiga vijiti viwili, mwani wa rangi ya kahawia ukining'inia kati yake, na kivuli cha ndoo yake juu ya maji. Sijapata picha nzuri kuliko hiyo.

Anayetaka machweo hana haja ya kubanana na watu Nungwi. Rasi ya Michamvi imeelekea kaskazini, na upande wake wa Kae unatazama magharibi, kwenye Ghuba ya Chwaka, hivyo jua huzama baharini ingawa uko mashariki ya kisiwa. Siku za bamvua fika saa kumi na moja: maji yameanza kupwa, mikoko bado imesimama ndani yake, na madau yanaelea. Usichelewe, maana machweo ya kwetu hayasubiri. Giza huingia upesi mno.

Pemba ni habari nyingine, na nakiri ninaipendelea. Ukishapita msitu wa Ngezi, rasi ya Kigomasha inakupa Vumawimbi upande wa macheo na Verani upande wa machweo, na kwenye ncha pana mnara wa taa wa chuma ambao ukiruhusiwa kuupanda unaziona pwani zote mbili. Safari yangu ijayo nimeipanga kwa tarehe 11 ya mwezi wa Kiislamu, maji mafu, yale yanayojaa na kupwa kidogo tu, yakiwa yamekwisha na bamvua bado halijaingia. Siku hizo maji hupwa karibu na alfajiri. Hayatoki mbali, lakini Vumawimbi sihitaji zaidi ya ukanda wa mchanga uliolowa, mpana wa kutosha kuonyesha mawingu.