Redio Iliyoishia 90

Mwaka 2018 Mjomba alikuwa akiendesha Carina Ti yenye redio mbili. Ya kwanza ilikuwa ya gari lenyewe, pana, yenye mlango wa kanda na chini yake mlango mwingine wa diski ndogo iliyofungiwa kwenye kasha la mraba, ambayo sijawahi kuona mtu akiiuza pale mjini Mtwara. Ya pili ilikuwa redio ya mkulima, ya betri mbili, imefungwa kwa mpira wa baiskeli juu ya dashibodi. Mjomba akikata kona kwa haraka redio hiyo ilihama upande, na kazi ya kuidaka ilikuwa ya mkaza mjomba, anayekaa kushoto.

Redio ya gari haikuwa mbovu. Hilo Mjomba alilirudia kwa kila aliyemshauri aitoe, na alikuwa na haki. Taa zake ziliwaka, saa ilitembea, kanda ukiiweka iliimba. Shida ni kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya Wajapani, na FM ya Japani enzi hizo ilianzia 76 ikaishia 90. Ya kwetu inaanzia 87.5 na kwenda hadi 108. Maana yake, gari lilipovuka bahari lilikuja na redio ambayo kati ya hewa yetu yote iliweza kusikia megahezi mbili na nusu tu. Kituo kikibahatika kuangukia kwenye kipande hicho utakisikia safi kama mtangazaji amekaa kiti cha nyuma. Vilivyobaki, kwa redio ile, havikuwahi kuzaliwa.

Kabla ya hapo aliwahi kufungiwa ekspanda, kile kisanduku kidogo kinachokaa kati ya waya wa antena na redio, kikayashusha mawimbi ili redio ya Kijapani iyafikie. Kinafanya kazi, siwezi kukisema vibaya. Lakini namba zinakuwa za uongo: kituo cha 98 unakikuta 78, na vituo viwili vyenye nguvu vinaweza kupandana, mmoja anasoma taarifa ya habari huku mwingine anapiga singeli juu yake. Mjomba ni mtu wa hesabu. Akisikia redio inamwambia 78 na mtangazaji anamwambia 98, anaona kuna mmoja anayemdanganya.

Kilichomfanya akubali ni korosho. Ana shamba upande wa Nanyamba, na msimu ule haukuwa wa kawaida. Minada ilipofunguliwa Oktoba, wakulima wa Tandahimba na Newala walizikataa bei za wanunuzi, na tangu hapo kusini yote ikawa masikio. Habari zilimfikia Mjomba kwa simu, kila moja imepita midomo mitano na kila mdomo umeongeza chumvi yake. Wakati huohuo watu wa kangomba walikuwa wanazunguka vijijini kimyakimya. Hao korosho wanazinunua mlangoni kwako, nje ya ghala na nje ya mnada, na mtaji wao mkubwa si fedha. Ni wewe kutojua bei. Mjomba akasema anataka kusikia mwenyewe, akiwa barabarani au akiwa shambani, bila kushikilia antena kwa mkono.

"Mjomba," akaniambia, maana ananiita hivyohivyo ninavyomwita, "wewe simu za watu unazifungua kila siku. Redio ya gari itakushinda?"

Nilikuwa na meza ya kutengeneza simu karibu na soko kuu. Nilimjibu kwamba kuchagua redio nitachagua, ila dashibodi afungue mwenye kazi yake.

Tulinunua redio ya Kichina yenye skrini ya kugusa, tundu la flashi na bluutuu, tukaipeleka kwa fundi umeme wa magari aliyekuwa na kivuli chake chini ya mwarobaini, Chikongola. Mtu mzima, mtulivu, hana kibao wala risiti. Jambo la kwanza alifungua boneti akachomoa kichwa cha hasi cha betri. Hapo nikamwamini. Kisha akatoa kijiko cha chai, akazungushia kitambaa mpini wake, akaanza kuinyanyua fremu ya plastiki inayozunguka redio, kidogo huku, kidogo kule, mpaka vibano vikaachia kimoja kimoja. Plastiki ya gari la miaka ishirini lililoanikwa kwenye jua la Mtwara haitaki bisibisi. Nimeona dashibodi ngapi mjini zenye meno ya bisibisi pembezoni.

Redio ya zamani ikatoka na mkia wa waya wenye soketi mbili, moja ya pini kumi na nyingine ya pini sita. Fundi akashika koleo.

"Fundi, unazikata?"

"Nazikata, naunga, napiga tepu. Sasa utaunganishaje?"

Mjomba akasogea. "Gari langu halikatwi."

Nilikuwa na karatasi niliyoichapa kutoka intaneti, yenye rangi za waya za Toyota, na nilikuwa nimeisoma vizuri kwa sababu ina mtego mbaya. Kwenye redio nyingi za kununua, waya wa njano ndio wa betri, wenye moto muda wote. Mwekundu ni wa swichi, unapata moto ukiwasha ufunguo. Mweusi unaenda bodi, yaani chuma cha gari. Toyota ya miaka ile haina habari na mpango huo. Wa betri ni wa bluu wenye mstari wa njano, wa swichi ni wa kijivu, wa bodi ni wa kahawia. Njano na nyeusi pia zipo, lakini ni za spika ya nyuma ya kushoto. Mtu anayelinganisha rangi kwa rangi anaupeleka waya wa betri wa redio mpya kwenye spika. Na hata akikwepa hilo, akibadilishana njano na nyekundu, redio itaimba vizuri tu, ila kila ukizima gari inasahau saa na vituo vyote, na kesho unaanza upya.

Fundi aliisikiliza karatasi yangu mpaka mwisho, kwa heshima. Kisha akaenda kwenye boksi lake akarudi na betri ya tochi, ile ndogo ya volti moja na nusu, yenye vipande viwili vya waya vimebandikwa kwenye ncha zake. "Kaweke kiganja kwenye spika ya nyuma," akaniambia. Akagusa waya mbili za soketi. Kwaa. Si hapo. Akagusa nyingine. Kwaa, na safari hii nikaisikia chini ya kiganja. "Imesukuma au imevuta?" Imesukuma. Akasema basi chanya ni hii. Akaenda hivyo spika zote nne bila kuangalia rangi hata moja, na alipomaliza tukalinganisha na karatasi: tulikuwa sawa kila waya. Mimi nilitumia usiku mzima na bando la intaneti. Yeye alitumia betri ambayo hata tochi ilishaikataa.

Akaongeza jambo ambalo karatasi yangu haikulitaja. Magari ya zamani sana unaweza kuikuta hasi ya spika imefungwa kwenye bodi, na mafundi waliojifunzia huko bado wana mkono huo. Redio za sasa hasi ya spika haigusi bodi kabisa. Ukiigusisha umeiunguza, na itaungua ndani, kwa nje inabaki mpya.

Kwa hiyo kuunga kwake nisingekuwa na wasiwasi nako. Lakini Mjomba alikuwa ameshasema, na fundi naye akakubali kwamba ipo soketi ya kuchomeka, upande mmoja Toyota, upande mwingine waya tupu za kuunga na redio mpya, hukati chochote cha gari. Mtwara hatukuipata. Tukaagiza Kariakoo, ije na basi.

Siku tulizosubiri kifurushi, Mjomba aliendesha gari lenye shimo katikati ya dashibodi. Akaitumbukiza redio ya mkulima humo ndani, antena ikichungulia nje. Ilikaa imara kuliko ilivyowahi kukaa, na haikushika kituo hata kimoja mpaka uitoe.

Soketi ilipofika kazi haikuchukua muda, isipokuwa kwa jambo moja ambalo kiwandani walilipanga kivyao. Nafasi ya redio kwenye Toyota za Japani ina upana wa milimita 200. Redio za kununua, zile za kimo cha milimita 100, upana wake ni 180. Kwa hiyo ukiifunga inabaki mianya miwili, milimita kumi kila upande, na unaona waya ndani. Vipo vibamba vya plastiki vya kuziba. Ndani ya boksi letu havikuwemo. Fundi alitaka kukata dumu la mafuta. Mjomba akamtazama, akachukua vipimo kwa kijiti cha kiberiti, akaondoka kwa miguu. Alirudi na vipande viwili vya mpingo, mabaki ya mchongaji mmoja jirani yake, vimekatwa na kupigwa msasa mpaka vinang'aa. Viliingia kwa kusukumwa kidogo na kidole. Mpaka leo abiria hawaulizi kuhusu skrini. Wanauliza ile mbao.

Tukarudisha kichwa cha betri. Mjomba akawasha ufunguo, skrini ikaamka, na yule mama wa Kijapani akasema maneno yake kama kawaida.

Kila mwenye gari la Japani anamfahamu. Unawasha tu, anakukumbusha kitu kwa adabu. Mjomba alikuwa na uhakika kwamba anaishi ndani ya redio.

"Huyu si tumemtoa?"

Fundi akacheka mpaka akakaa chini. Akaingiza mkono chini ya usukani akamwonyesha kisanduku kidogo, cha kulipia barabara za huko kwao, chenye spika yake mwenyewe. Mama anachosema ni kwamba kadi haijawekwa. Kumtoa, akasema, ni kazi nyingine na malipo mengine. Mjomba akauliza kiasi gani, akatajiwa, akasema basi aendelee kusema.

Kisha wakaipandisha namba taratibu: 90, 91, 92. Mjomba alivuka 90 kama mtu anayevuka mpaka, akisimama kila kituo, akikihifadhi, akirudi kuhakikisha hakijaondoka. Jioni ile alituzungusha mpaka Mikindani na kurudi bila shughuli yoyote.

Novemba ya mwaka huohuo tulikuwa njia ya kwenda Nanyamba taarifa ya habari iliposoma kwamba Rais Magufuli ametangaza serikali itazinunua korosho zote, shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi litazisomba. Mjomba aliegesha pembeni, akafungua milango yote minne, akaongeza sauti. Watu wakatoka mashambani. Kijana mmoja wa pikipiki, mwenye mizani na magunia matupu nyuma, akapunguza mwendo akauliza kuna nini.

"Zima pikipiki," Mjomba akamwambia, "hatusikii."