Mioyo ya Kiamaiko: nilivyofundisha mikono yangu kushona

Nilinyang'anywa koleo la kushikia sindano ya kushonea mara moja tu, na siku hiyo sitaisahau. Nilikuwa mwaka wa tatu wa masomo ya upasuaji wa moyo na kifua, katika hospitali moja ya mafunzo hapa Nairobi. Mgonjwa yuko kwenye mashine ya moyo na mapafu, aota, mshipa mkuu utokao moyoni, imebanwa, moyo umetulia tuli kwa dawa baridi yenye potasiamu. Daktari bingwa akaniachia nishone kipande kidogo cha aota. Mshono wa nne niliuvuta upande usiofaa, uzi ukapita kwenye ukuta wa mshipa kama waya unavyokata mche wa sabuni. Hakunigombeza. Alinyoosha mkono, nikampa koleo, akarekebisha, mimi nikarudi kushika mrija wa kufyonza damu.

Alifanya sawa. Aota ikiwa imebanwa, misuli ya moyo haipati damu yake, na kila dakika inahesabiwa. Pale si mahali pa mtu kujifunza kugeuza kifundo cha mkono.

Taabu ni kwamba sikuwa na mahali pengine. Kazi yangu kubwa, mchana na usiku, ilikuwa kifua: usaha uliojaa kando ya pafu baada ya nimonia au kifua kikuu, vijana waliodungwa visu wikendi, abiria wa bodaboda waliovunjika mbavu. Hayo niliyaweza. Nilijua kupitisha mrija katikati ya mbavu na kuutumbukiza kwenye chupa yenye maji, nikatazama maji yakipanda na kushuka kwa kila pumzi. Na yakiacha kucheza, nijiulize kama pafu limetanuka au mrija umeziba. Lakini upasuaji wa moyo wazi unataka kifaa cha kutia damu oksijeni, ambacho hutumika mara moja kikatupwa. Unataka kitanda cha ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, na damu ya akiba. Kimoja kikikosekana, orodha ya asubuhi inafutwa. Nasi marejista, madaktari tunaosomea ubingwa, tulikuwa kadhaa, sote tukiingojea sindano ile ile.

Wodini kulikuwa na binti wa miaka 14 aliyelala akiwa ameketi, viwiko juu ya meza ya kitanda, kwa sababu akijinyoosha anakosa pumzi. Ugonjwa wake ulianza na koo kuuma utotoni, ikafuata homa ya baridi yabisi, na miaka baadaye vali iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo ikawa imekakamaa na kushikana. Orodha yake ilifutwa mara mbili. Mara ya pili mama yake aliniuliza, "Daktari, sasa nimwambie nini?" Sikuwa na jibu. Niliondoka nikijua kwamba mrija wa kufyonza damu hautoshi. Siku zamu yake ikifika, nataka mikono yangu iwe ya kufaa kitu.

Jumamosi hiyo nilikwenda soko la mbuzi la Kiamaiko. Mioyo ya kwanza niliyonunua haikunifaa, kwa sababu wachinjaji huupasua moyo ili damu itoke, na mishipa ya juu wanaikata karibu kabisa. Ilibidi nimweleze muuzaji: usiupasue, na uniachie mshipa mkubwa urefu wa vidole vitatu. Alinitazama sana, kisha akauliza, "Ni wa dawa?" Nikamwambia ni wa masomo. Akaniitia kijana wake achague.

Nyumbani, Ngara, nilisafisha damu iliyoganda kwa maji baridi na kuupachika moyo kwenye ubao kwa pini. Usiugandishe kwenye friza. Ukiyeyuka nyama inakuwa laini kupita kiasi na inakudanganya. Uzi nilipewa na sista mkuu wa thieta, yaani chumba cha upasuaji, pakiti zilizopita tarehe. Nilianza na aota, kisha nikashuka kwenye mishipa inayolisha moyo wenyewe, kwa uzi mwembamba kama unywele na miwani ya kukuzia niliyoazima. Nilikata, nikaunganisha, nikapiga maji yenye rangi kwa bomba la sindano, nikatafuta panapovuja. Kwa wiki nyingi palivuja pale pale: pembeni, mahali ambapo mkono wangu ulisukuma sindano badala ya kuizungusha ifuate mkunjo wake. Nilipogundua hivyo, nilikaa siku nne bila kushona chochote, nikizungusha kifundo tu huku koleo likiwa tupu.

Lakini moyo wa buchani haupigi. Binamu yangu niliyekuwa nikikaa naye ndiye aliyetatua hilo. Tulitia glavu ndani ya chumba cha chini cha moyo, tukaifunga kwenye mpira wa mashine ya kupimia presha, akawa anaminya na kuachia huku mimi nikishona. Alikuwa ametoka kazini, amechoka, na aliminya mpaka vidole vikamuuma. Siwezi kumlipa.

Miezi saba baadaye, saa tisa usiku, aliletwa kijana aliyedungwa kisu kifuani. Mishipa ya shingo imevimba, presha inashuka, na ultrasaundi ilionyesha damu imejaa kwenye mfuko wa moyo. Bingwa alikuwa njiani, kijana hakuweza kungoja. Tulifungua kifua, nikapasua mfuko, damu ikaruka, na nikaliona tundu kwenye chumba cha chini cha kulia, kile kilicho mbele. Nikaweka kidole. Chini ya kidole moyo ukawa unapiga vile vile alivyokuwa akiminya binamu yangu, ila kwa kasi zaidi. Nikashona nikiweka vipande vidogo vya mfuko wa moyo wake mwenyewe chini ya uzi ili usikate nyama. Mishono mitatu. Bingwa alifika ninafunga wa mwisho. Aliangalia, akanawa, akasimama upande wa pili kunisaidia.

Binti alifanyiwa upasuaji wiki tano baada ya hapo. Bingwa aliweka vali bandia, kisha akanikabidhi koleo nifunge chumba cha juu cha kushoto. Nilifunga. Hakuna palipovuja. Sasa anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, anakuja kliniki kupimwa damu, na analala chali.

Jumamosi nyingine mimi huenda Kiamaiko na marejista wa mwaka wa kwanza. Muuzaji haulizi tena. Akituona tu, anamwambia kijana wake aache mshipa mrefu.