Siku moja maishani mwangu: jenereta mbili na tawi moja la mwembe

Saa 12:15 asubuhi

Masika imegonga mabati usiku kucha. Mimi ni fundi sanifu wa vifaa tiba katika hospitali ya wilaya huku ukanda wa pwani, na siku ya mvua naianza kwa simu kabla ya chai.

"Shikamoo sista."

"Marahaba mwanangu. Tuna vichanga wanne kwenye oksijeni. Ile mashine ya pili imelia mara mbili usiku."

Nakunywa chai nimesimama, naondoka.

Saa 1:30

Mashine haina ugonjwa mkubwa. Chujio lake la vumbi limeziba, limekuwa kama kipande cha blanketi. Natia jingine, naosha la zamani, nalianika dirishani. Mashine hizi huvuta hewa ya kawaida, huchuja naitrojeni na kubakiza oksijeni ya takriban asilimia 93, na mashine moja yenye kigawanyio inaweza kulisha watoto kadhaa. Ni baraka kwa hospitali iliyo mbali na kiwanda cha mitungi. Ila bila umeme ni sanduku tu.

Kisha mzunguko wangu wa kila siku. Friji ya chanjo inasoma nyuzi 4.6, nzuri, maana inatakiwa kati ya 2 na 8. Betri ya jenereta ya zamani iko sawa, ya jipya iko sawa, dizeli imefika nusu ya tangi. Naandika kwenye daftari. Kila kitu kizima. Naomba msomaji alikumbuke daftari hilo, kwa sababu saa mbili baadaye hakuna hata kimoja ndani yake kilichokuwa kimeharibika, na bado hospitali ilikuwa gizani.

Saa 3:20

Tawi la mwembe limeangukia laini nyuma ya soko. Hilo tulikuja kulijua baadaye. Sisi tulichosikia ni kimya: feni zimesimama, kisha mashine za oksijeni zinalia kwa pamoja.

Jenereta ya zamani, inayohudumia wodi na chumba cha upasuaji, iliwaka yenyewe kama inavyotakiwa. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kila kilichokuwa kinafanya kazi umeme ulipokatika kilikuwa bado kimewashwa: pampu ya kisima, mashine ya kutakasia vifaa, mashine ya kufulia, viyoyozi vitatu vipya. Vyote viliudaka umeme sekunde ileile. Mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara tano hadi saba ya ule inaoutumia ikishatulia. Mara moja tu, kwa sekunde chache, lakini jenereta haijui kwamba ni kwa sekunde chache.

Nilikuwa nimesimama mbele ya paneli. Sindano ya meta ya hezi, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, ilitoka 50, ikateremka 48, ikasita, ikaja 46. Injini ikakohoa moshi mweusi na sauti yake ikazama, nzito, kama mtu aliyetwishwa gunia la pili akiwa katikati ya mlima. Breka kuu ikaruka. Paa!

Kijana wa zamu alikimbilia chenjiova, ile swichi ya kuhamishia umeme, akahamisha wodi zote kwenye jenereta jipya linalohudumia maabara na utawala. Simlaumu. Alikuwa anawaza wale vichanga, na ningekuwa karibu na swichi kuliko yeye pengine ningefanya hivyohivyo. Jenereta jipya lilikuwa linatembea vizuri na mzigo wake. Likapokea na wa mwenzake. Halikumaliza nusu dakika.

Saa 3:27

Nakimbilia kwa vichanga nikiwaza kitu kimoja: spana. Mara ya mwisho tulipohamia kwenye mtungi wa akiba, spana ya kufungulia ilikuwa stoo, stoo imefungwa, mwenye ufunguo yuko mjini. Dakika nane zilipotea kwa kipande cha chuma.

Nilipofika mlangoni, watoto wote wanne walikuwa tayari kwenye mtungi. Tangu siku ile sista ameifunga spana shingoni mwa mtungi kwa kamba ya chandarua, mafundo matatu. Hakumwomba mtu ruhusa. Alikuwa anamshika kichanga mmoja mguu, kile kipimo cha kidole cha oksijeni ya damu kinasoma 93, naye anahesabu pumzi kwa midomo bila kutoa sauti.

Narudi kwenye paneli. Nazima breka zote, moja moja, mpaka jenereta la zamani libaki halina mzigo wowote. Naliwasha. Nasubiri injini itulie. Kisha vichanga. Sindano inatikisika, inarudi 50. Chumba cha upasuaji, ambako daktari alikuwa anamalizia kushona mama kwa taa ya betri. Kisha wodi ya wazazi. Friji za chanjo na za damu. Maabara. Pampu ya maji naiwasha peke yake, mkono bado uko kwenye breka. Viyoyozi na mashine ya kufulia nimeviacha. Jenereta lilelile lililoanguka saa 3:20 likabeba hospitali bila kulalamika.

Saa 5:00

Dizeli. Kituo cha mafuta cha karibu kiko kwenye laini ileile iliyokatika, na pampu zake ni za umeme. Cha pili kina jenereta, lakini mtandao wa simu umekuwa wa kubahatisha, malipo hayapiti. Mhasibu anafungua kasha la fedha taslimu na dereva anaondoka na madumu manne. Kwa hiyo umeme ulitaka dizeli, dizeli ikataka umeme, malipo yakataka mnara wa simu, na mnara nao unaishi kwa betri. Akiba yetu yote ilikuwa imening'inia kwenye tawi lile la mwembe.

Saa 8:00 mchana

Umeme umerudi saa 7 na dakika chache. Nakula wali maharage na wanafunzi watatu wa uuguzi, na mmoja ananiuliza swali ambalo mimi mwenyewe nilichukua miaka kuliuliza: "Kaka, jenereta la pili lilikuwa zima. Kwa nini nalo likafa?"

Nikawahadithia Italia. Usiku wa tarehe 28 Septemba 2003, laini kubwa ndani ya Uswisi, iliyokuwa inapeleka umeme upande wa Italia, ilirusha cheche kwenye mti, ikatripu, yaani ikajikata yenyewe. Mzigo wake ukahamia kwenye laini ya jirani. Ile ikapata moto, waya ukalegea, ukashuka, na dakika 24 baadaye nayo ikakutana na mti. Baada ya hapo zilizobaki zilidondoka kwa sekunde, kila moja ikiwa imepokea mzigo wa zile zilizotangulia. Hezi zikashuka mpaka 47.5, mitambo ikajizima kujilinda, na ndani ya takriban dakika mbili na nusu tangu umeme wa Italia utengane na wa nchi jirani, nchi nzima ikawa giza isipokuwa kisiwa cha Sardinia. Watu wapatao milioni 56. Mti wa kwanza haukuzima Italia. Kilichoizima ni ule mzigo uliokuwa unatafuta pa kupita.

Kenya nao waliyaona. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma. Transfoma ikatripu, mashine nyingine za kituo zikazidiwa, megawati zaidi ya 180 zikapotea kwa mkupuo, na nchi nzima ikakosa umeme. Tumbili alipona.

Na kuhusu dizeli na mnara wa simu: mwaka 2010 mwanafizikia Sergey Buldyrev na wenzake walichapisha katika jarida la sayansi la Nature hesabu ya mitandao miwili inayotegemeana, wakiutumia usiku ule wa Italia kama mfano. Vituo vya umeme vikizimika, vituo vya mawasiliano vinakosa umeme. Navyo vikizimika, vituo vingine vya umeme vinakosa mwongozo. Kila mmoja anamvuta mwenzake chini hatua moja zaidi. Walionyesha kuwa mitandao iliyofungamana hivyo huweza kusambaratika ghafla, pale ambapo mtandao ulio peke yake ungepungua nguvu taratibu. Mwanafunzi akasema, "Kumbe kama dizeli yetu." Ndiyo, kama dizeli yetu.

Saa 10:00 jioni

Fomu ya kufunga vile viyoyozi niliisaini mimi. Nilijumlisha umeme wa mashine zikiwa zinatembea, sikujumlisha wa kuziwasha. Limeniuma mchana kutwa.

Kwa hiyo nimekata karatasi, nikaandika namba kwa kalamu nene, nikabandika juu ya kila breka kwa gundi ya plastiki. Vichanga ni 1, upasuaji 2, na kuendelea. Viyoyozi vya utawala ni 9. Kwenye chenjiova nimebandika maneno: USIHAMISHE KABLA YA KUZIMA BREKA ZOTE. Katibu wa Afya akapita, akasoma, akauliza kama 9 haiwezi kusogea hata ikawa 6, ofisini kuna joto. Nikamwambia, "Katibu, 6 ni pampu ya maji." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza gharama ya vifaa vya kuchelewesha mota zisiwake kwa pamoja. Kesho nitampelekea makadirio.

Kijana wa zamu nimemrudisha kwenye paneli mara tatu. Zima zote, washa, subiri sindano, moja. Mara ya tatu mikono yake haikutetemeka.

Saa 3:40 usiku

Mvua imerudi, na umeme umekatika hapa kwangu. Kabla sijawasha tochi simu inaangaza, ni sista:

"Umekatika. Jenereta lipo, tumefika namba 5. Ya 6 tuwashe au tungoje? Maji ya tangi yapo."

Namwandikia angoje.