Namba ya siri iliyokuwa ikihamahama

Mchezo wangu wa kubahatisha namba ya siri, 1 hadi 100, nilioandika kwa Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta), ulinitoa jasho siku mbili. Naandika 50, unajibu "ndogo". Naandika 51, "kubwa". Sasa namba iko wapi? Nikadhani nimegeuza alama za < na >, nikazibadili, bado. int(), inayogeuza maandishi kuwa namba, ilikuwepo. Nikaandika upya faili zima, wapi!

Mwishowe nikaweka print(siri), ili inionyeshe namba ya siri, kabla ya kila jibu: 73, 12, 88... Kumbe kila nikikisia, inatungwa namba mpya! Mstari unaochagua namba ya siri, siri = random.randint(1, 100), ulikuwa ndani ya while (sehemu inayorudiwa kila nikikisia), umesogea kulia nafasi nne tu. Nikaupandisha juu ya while, nikafuta zile nafasi. Sasa nikigawa katikati namba zilizobaki kila mara, majaribio 7 yanatosha.